Miaka Yangu ya Kuwatuma Watu Visiwani

Doreen, wewe uliyekikalia kiti changu umeniomba mara tatu niandike mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye kompyuta. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilisema sina muda. Mara ya tatu nilikuwa nimeshastaafu, na mume wangu alikuwa amekaa pale pale sebuleni akinisikiliza, kwa hiyo uongo wa muda haukuwezekana tena. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vyeo vyangu vilibadilika kwenye kile kibao cha mezani tu. Meza yenyewe, simu na maswali ya wateja vilibaki vilevile.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, pwani ya Kenya. Kampala nililetwa na ndoa. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, akapata kazi huku, tukapanga nyumba Kabalagala nyuma ya baa ambayo imebadilisha jina mara nyingi kuliko ilivyobadilisha wateja. Mwenye ofisi ya safari kule Nakasero aliniajiri kwa sababu moja tu: aliamini kwamba mtu aliyezaliwa karibu na maji ya chumvi anavijua visiwa vyote vya dunia. Sikumsahihisha. Nilihitaji kazi.

Ofisi ilikuwa palepale unapoijua, ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka sokoni, harufu ya fenesi ikipanda ngazi kabla ya wateja. Siku yangu ya kwanza waliingia vijana wawili waliooana juzi, wakitaka kwenda visiwa vya Ssese. Nilikuwa nimekesha nikisoma vijitabu, nikawasimulia mchanga, minazi, michikichi, msitu unaoshuka hadi majini, nyani juu ya miti. Walitoka wameshikana mikono. Nikajiona nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Kwenye meza ya pembeni alikaa Mzee Marjan. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mtu mzima tayari wakati huo, ambaye kabla ya kuja ofisini alifanya kazi miaka mingi Port Bell akifunga mabehewa ya treni kwenye meli. Yeye ndiye aliyeshughulikia mambo yote ya boti. Kiswahili chake kilitoka kambini na gatini, na hakikujali ngeli hata kidogo.

"Mama Kenya," akaniambia, "umeimba vizuri sana. Sasa wale watu anajua choo iko wapi?"

Nilidhani ni utani. Jumatatu wale maarusi walirudi, hawajashikana mikono. Niliwaambia feri inaondoka Nakiwogo saa nane mchana, nao wakafika Nakiwogo saa nane kasorobo na mabegi yao, wakaikuta imejaa mpaka mlangoni. Walilala Entebbe kwenye nyumba ya wageni isiyo na neti, na fungate yao ikaanza kwa kuua mbu.

"Feri naondoka saa nane," Mzee Marjan akanifafanulia baada ya wao kwenda, wala hakunicheka. "Lakini nafasi naondoka saa nne. Hiyo ndiyo unauza. Mchanga, yeye ataona mwenyewe."

Siku hiyo ndipo nilipoanza kazi, hata kama barua ya ajira inasema vingine.

Alinifundisha maswali matatu ya kumwuliza kila anayekwenda kisiwani kabla hujamwambia neno lolote: Unajua kuogelea? Unaogopa nini? Lazima urudi lini? Swali la kwanza watu hudanganya. La pili huwafanya wacheke, kisha wakwambie ukweli. La tatu ndilo kubwa, kwa sababu wengi wanaopata matatizo majini hawapati wakati wa kwenda. Wanapata wakati wa kurudi, wakiwa na haraka, jua limewapiga, na kesho ni kazini.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya machungwa iliyofifia. Kila mteja wa boti ilimbidi alivae pale ofisini na kulifunga mwenyewe, buckle zote tatu, Mzee Marjan akiwa amesimama mbele yake mikono nyuma. Wanawake walicheka na kupigana picha. Wanaume ndio walikuwa kazi. Siku moja bwana mmoja wa suti nyeusi alikataa.

"Nnyabo," akaniambia mimi, akiniita bibi kwa Kiganda, kana kwamba Mzee hayupo, "mimi ni mwanasheria. Niambie tu meri inaondoka saa ngapi."

"Sawa, ssebo," Mzee Marjan akajibu kwa niaba yangu. "Lakini ziwa hajui hiyo."

Mwanasheria alilivaa. Ilimchukua dakika nne kulifunga, na mkanda mmoja aliupitisha shingoni. Kama angejaribu kwa mara ya kwanza ndani ya mawimbi, nadhani angejinyonga. Tangu siku hiyo sikuona tena aibu kumwambia mtu yeyote, awe mbunge au askofu, asimame avae.

Mengine nilijifunza kidogo kidogo, kwa makosa yangu na ya wateja. Kwamba kwenye Ziwa Victoria asubuhi ni ya kusafiri na alasiri ni ya upepo, kwa hiyo atakayekwambia boti ya saa tisa ni sawa na boti ya saa moja, mwulize kama atapanda yeye mwenyewe. Kwamba usiogelee penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu kichocho hakimwonei haya mtalii, na ukishaogelea popote ujifute ukauke mara moja. Kwamba wadudu wa ziwani, wale sami, hufika kama moshi mweusi, na la kufanya ni kufunga mdomo na kuzima taa. Kwamba chini ya mstari wa Ikweta jua huunguza hata penye mawingu, na watu weusi nao huungua, tusidanganyane. Kwamba simu na dawa vifungwe kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kisha kaveera nyingine juu yake. Kwamba kabla hujamwambia mtu "hoteli iko ufukweni" uwe umepiga simu na kuuliza ngazi ni ngapi kutoka chumbani hadi ufukweni, kwa sababu kuna hoteli nzuri Kalangala zilizo ufukweni kama vile kengele ya kanisa ilivyo kanisani.

Kuna siku moja ya enzi hizo ambayo hata sasa sijui niiweke kwenye mafanikio au hasara. Wafanyakazi wa kampuni moja, watu thelathini, tuliwapeleka kisiwa cha Bugala kwa mapumziko ya wikendi. Jumapili feri haikusafiri. Kiongozi wao akakodi boti ya mbao yenye injini, waondoke baada ya chakula cha mchana. Mwenye boti alikuwa mtu wetu wa siku zote, akanipigia kwanza.

"Majaketi unayo mangapi?" nikamwuliza.

"Kumi na tisa, mama."

"Basi hapana. Walale. Kesho asubuhi uwavushe kwa safari mbili."

Kiongozi alichukua simu akanifokea kwa Kiingereza, kwa Kiganda, na mwishowe kwa Kiswahili cha jeshi, nadhani ili niingie baridi. Alisema nitawaharibia kazi. Nikamwambia hilo linawezekana. Alasiri yote nilikaa Kabalagala nikitazama miti ya jirani, nikisubiri upepo unitetee. Hata jani halikutikisika. Ziwa siku ile lilikuwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Kiongozi alilipiga picha, akamtumia bosi wetu. Kampuni ile haikurudi kwetu tena, na bosi alinitazama kwa muda wa mwezi mzima kama mtu anayehesabu hadi kumi.

Mzee Marjan, aliyekuwa karibu kustaafu, aliniuliza swali moja tu. "Kuna kitu nilitokea kwa wale watu?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi umefanya kazi."

Alirudi Bombo kufuga kuku. Nami nikabaki na meza mbili, na wateja nao wakaanza kubadilika. Ndege za Zanzibar zikawa nyingi, na Waganda ambao zamani waliona Ssese ni mbali wakawa wanataka bahari. Hapo angalau bosi alikuwa amepatia. Maji ya chumvi niliyajua. Niliwaambia wabebe kadi ya manjano ya chanjo mkononi, si ndani ya begi. Niliwaambia mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni, na mjini wajisitiri magoti na mabega, na kama ni Ramadhani wasitembee wakitafuna. Na niliwaambia habari ya kupwa na kujaa, kwa sababu mtu aliyekulia kando ya ziwa hajui kwamba maji yanaweza kuondoka. Mara ngapi nimepigiwa simu na mteja aliyeamka, akafungua pazia na kukuta mchanga mtupu hadi upeo wa macho: "Anti, bahari mmeipeleka wapi? Haipo!"

Sasa nifike kwa Mwalimu Lubowa, kwani najua ndiye uliyetaka nimwandike.

Alikuja mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu alipanda ngazi akipapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, ngazi kwa ngazi. Mzee mwembamba, koti la viraka vya ngozi kwenye viwiko, fimbo mkononi. Alinitafuta kwa kugeuza kichwa huku na huku kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, hadi akanipata.

"Nnyabo," akasema, "nataka kwenda kuona maji yakiondoka."

Nilimwomba akae. Alikuwa amefundisha jiografia katika sekondari moja hapa mjini hadi alipostaafu. Kila mwaka, muhula wa pili, alifundisha kupwa na kujaa kwa maji kwa kutumia beseni, mpira na tochi. Hakuwahi kuiona bahari. Kila mara kulikuwa na watoto wa kusomesha, kisha ugonjwa wa marehemu mkewe, kisha paa. Sasa presha ya macho ilikuwa imemla pembeni zote za uwezo wa kuona; alibakiwa na kijitundu katikati, na daktari alikataa kumwahidi kitatumika kwa muda gani.

Nikamwuliza maswali yangu matatu.

"Kuogelea sijui. Ninachoogopa ni kuahirisha. Na la tatu," akasema, "mwulize daktari."

Nikamwambia nitampangia safari vizuri sana, lakini si peke yake. Alisimama. "Nimewapeleka wanafunzi hadi Kasese na Kisoro, nnyabo, mimi nikiwa ndiye ninayewahesabu. Sasa mimi ndiye wa kuhesabiwa?" Akashuka ngazi akipapasa ukuta upande wa pili. Nilidhani nimempoteza.

Baada ya siku nne alirudi na binti yake, Robinah, muuguzi, akiwa bado na sare ya hospitali na uso wa mtu aliyetoka zamu moja akielekea nyingine.

"Anti," Robinah akaniambia, "si aende Entebbe tu? Kule pia kuna maji na mchanga."

"Ziwa halina kupwa, Robinah," baba yake akasema. "Nilikufundisha."

"Ulinifundisha, daddy, na nikafeli."

Nikaona watasafiri vizuri hawa wawili.

Shida ilikuwa tarehe. Likizo ya Robinah ilikuwa imepangwa, na nilipoitazama kwenye kalenda yangu yenye picha za mwezi nikaona inaangukia mwezi nusu. Kwetu pwani siku hizo tunaziita maji mafu. Bahari hupwa kidogo, hujaa kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Maji makubwa, yanayokwenda mbali kabisa na kurudi kwa nguvu, huja mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, na hiyo ndiyo bamvua.

"Bamvua," Mwalimu akarudia, akatoa kalamu akaliandika neno kwenye kiganja, akiwa amekisogeza karibu na pua.

"Bahari ni bahari, Anti," Robinah akasema. "Mimi siwezi kuwaambia hospitali kwamba mwezi haujawa tayari."

Nikamwambia polepole, kwa sababu baba yake alikuwa anasikia: "Ukimpeleka siku hizo ataona maji yanasogea hatua chache. Atarudi na picha ya ufukwe kama ufukwe wowote. Na hii ni safari anayoweza kuifanya mara moja."

Robinah aliivuta kalenda yangu karibu, akahesabu siku kwa kidole. Kisha akatoka nje kwenye ngazi kupiga simu, nikamsikia akibembeleza mtu. Aliporudi alisema, "Haya. Nimewapa Krismasi yangu. Andika."

Kazi ile niliifanya kwa bidii kuliko nyingine yoyote. Nilipiga simu upande wa mashariki wa Zanzibar, ambako ufuko ni tambarare na maji huenda mbali, hadi nikapata nyumba ya wageni yenye chumba cha chini na ngazi mbili tu. Niliwaandikia saa za maji kwa kila siku. Niliwaambia matone ya macho yakae kwenye mkoba wa mkononi, kofia iwe ya ukingo mpana, viatu visivuliwe kwenye miamba kwa ajili ya wale wadudu wa miiba myeusi. Mwalimu alinisikiliza akitikisa kichwa kwa kila jambo kama mkaguzi wa shule aliyeridhika. Mambo yote niliwaambia, Doreen, isipokuwa moja. Nitalisema.

Siku ya pili ya safari yao, saa nne na nusu asubuhi, simu yangu ikalia.

"Anti, daddy hayupo." Sauti ya Robinah ilikuwa ya kiuuguzi, imetulia kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nilioga, nikatoka, hayupo. Maji nayo hayapo. Naona mchanga na miamba tu, na huko mwisho kabisa kuna kitu cheusi kimesimama. Nadhani ni yeye. Namfuata."

"Usimfuate!"

Nilipaza sauti hadi wewe, kwenye meza ya pembeni, ukageuka, utakumbuka. Karatasi ya saa za maji ilikuwa kwenye droo yangu, lakini sikuhitaji kuitazama. Maji yalikuwa yameshageuka. Na hapo ndipo niliposikia, kana kwamba mtu ameniambia sikioni, lile jambo ambalo sikulisema: kwamba kwenye tambarare kama ile maji yanaporudi hayaji kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mifereji ya chini, yakajaa nyuma yako wakati wewe bado umesimama pakavu ukitazama mbele. Mtu mwenye macho kamili huona kwa pembeni. Mwalimu hakuwa na pembeni.

"Robinah, unawaona wanawake wameinama kwenye vidimbwi?"

"Ndiyo. Wanafunga kitu kwenye kamba."

"Hao wanalima mwani. Nenda kwa aliye karibu nawe kuliko wote, mpe simu."

Nilisikia pumzi zake na miguu ikichapa maji. Kisha sauti ya mwanamke, ya kwetu kabisa ya pwani, ambayo sikuwa nimeisikia kazini kwa miaka.

"Nani mwenzangu?"

"Naitwa Kadzo, wa Kilifi, nakupigia kutoka Kampala. Samahani, dada, hata salamu sikutoa. Kuna mzee wetu yuko huko mbele kwenye miamba, ana fimbo, haoni pembeni."

"Mwenye koti?"

"Huyo huyo."

"Kanipita. Kanisalimu kwa Kizungu." Nadhani aligeuka kutazama. "Mkondo ushaanza kujaa. Haya, mwanangu, shika simu yako ukae hapahapa, wala usinifuate." Kisha akaita kwa sauti kubwa, majina matatu, na simu ikakatika.

Uliniletea chai. Ilikaa mbele yangu hadi ikaota ngozi. Mteja mmoja aliingia kuuliza ndege za Dubai, nikamwambia akae, akakaa, na sidhani kama nilimjibu. Ilipita nusu saa, pengine zaidi. Nilifikiria barua ambayo ningeiandika. Nilifikiria Robinah amesimama kwenye mchanga peke yake na simu, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya auze Krismasi yake kwa ajili ya bamvua.

Simu ilipolia ilikuwa sauti ya Mwalimu. "Nnyabo, hatua mia sita na kumi na mbili! Nilihesabu. Kutoka chumbani hadi ukingo wa maji."

Nyuma yake nilimsikia Robinah akilia, na kumkaripia baba yake kwa Kiganda kwa maneno ambayo sitayaandika.

Kilichotokea nilikipata baadaye. Aliamka, akaona maji yanaondoka, akaanza kuyafuata. Alipoufikia ukingo aliikita fimbo yake kati ya miamba miwili, akachanja alama kwa wembe wa kalamu, akasimama kuyatazama maji yakipanda alama hadi alama. Yule mwanamke wa mwani, Mwanakombo, alimfikia akiwa na wenzake watatu.

"Mzee, twende, njia inafungwa."

"Dakika moja tu," Mwalimu akamjibu.

Hakupewa dakika hiyo. Walimshika wawili huku na wawili huku, wakamvusha mkondo ambao wakati wa kwenda aliuvuka bila kulowa kifundo cha mguu. Ulimfika kifuani. Fimbo ilibaki.

Waliporudi Kampala walikuja ofisini wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Mwalimu, nilikukosea. Nilikwambia kila kitu, lakini sikukwambia kwamba maji hurudia nyuma. Nilidhani wewe mwenye somo lako unajua."

"Nilikuwa najua," akasema. "Nimeliandika ubaoni kila mwaka: mifereji hujaa kwanza. Nilijua vizuri sana, nnyabo. Nilisahau tu kwamba linanihusu."

Doreen, hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika humu. Mgeni asiyejua kitu atakuuliza. Daktari anayekwenda penye malaria, nahodha wa zamani, mwalimu wa jiografia, hawa hawatakuuliza, nawe utaona haya kuwaambia. Waambie. Waambie kama unavyowaambia wengine, na uwatazame usoni.

Robinah alikuwa hajamsamehe baba yake. Alinisimulia kwamba hakumsemesha siku nzima na nusu. Jioni ya mwisho, jua bado lipo, Mwalimu alimwomba wasimame pamoja ukingoni maji yakijaa. "Nikamwambia sitaki," Robinah akasema. "Akasema basi atasimama peke yake. Kwa hiyo nikaenda, ningefanya nini? Maji yalitufika magotini. Akaanza kunieleza, mwezi unavuta hivi, dunia inazunguka hivi." Alimtazama baba yake. "Safari hii nilielewa, Anti. Lakini usimwambie."

"Nimesikia," Mwalimu akasema.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoisha, macho yake yalikuwa yamefunga kabisa. Alikuja akiongozwa na Robinah, akiwa na mzigo uliofungwa kwa kamba. Alikuwa amenituma nimwulize Mwanakombo, kwa simu ya ile nyumba ya wageni, angependa shukrani gani. Mwanakombo alikataa katakata, kisha, baada ya kuagana kabisa, akasema kama huyo mzee hawezi kulala bila kuleta kitu, basi alete viatu vya mpira, vya kufunika vidole, maana miiba ya miambani inawamaliza. Mwalimu alikwenda mwenyewe katikati ya mji kununua zile sandak za plastiki. Robinah alisema alizipapasa soli zote za duka lile kwa kidole gumba, akizikunja, hadi mwenye duka akamletea kiti. Alinunua jozi nne, kwa wanawake wanne.

Niliahidi kumpa mteja wa kwanza anayekwenda upande ule. Wa kwanza alisema begi limejaa. Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu aliuliza ndani kuna nini, na nilipomwambia viatu alinitazama kama mtu anayetaka kuita polisi. Siku yangu ya mwisho ikafika, mkanikatia keki, nami nikashuka ngazi na mkoba wangu na ule mzigo kwapani.

Mume wangu aliutazama ukiwa juu ya meza ya chakula kwa wiki mbili. "Kwani wewe," akaniuliza mwishowe, "hujui wanakouza tiketi?"

Wewe ndiye uliyetuandikia safari, Doreen, na uliiandika vizuri, hata saa za maji. Tulifika bamvua ikiwa imeanza. Asubuhi nilishuka zile ngazi mbili, nikawaona wanawake mbali wameinama, nikatembea nao mzigo hadi nikamsikia mmoja akisema na mwenzake kwa ile sauti ya simuni.

"Dada Mwanakombo," nikamwita. "Ni Kadzo. Wa Kampala."

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akanishika mashavu yote mawili kwa viganja vya chumvi. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko sauti yake. Aliufungua mzigo palepale, akaketi juu ya mwamba, akavaa jozi moja, akakanyaga chini kwa nguvu mara mbili tatu, akacheka. Wenzake wakaja kuchagua namba zao. Kisha akaniuliza macho ya mzee yanaendeleaje, nikamwambia. Akatazama upande ule ambako alimtoa.

"Mwambie fimbo yake sikuiona tena," akasema. "Nimeitafuta."

Nikasema nitamwambia.

"Na wewe umekuja hadi hapa urudi tu? Twende nikuoneshe shamba letu la mwani. Hapa maji yanaporudi unajua yanapitia wapi?"

Nilikuwa na jibu. Nimelitoa kwa watu wengi sana, nikiwa nimekaa Nakasero na kalenda yangu ya mwezi. Lakini pwani ya kwetu niliiacha nikiwa msichana, na ufuko huu sikuwahi kuukanyaga.

"Sijui," nikamwambia. "Nioneshe."

Akatangulia na viatu vyake vipya, nami nikamfuata nikikanyaga alipokanyaga.